Programu yangu haioni mawingu ya Julai Nairobi

BintiKangemi
Hamjambo wote. Kwa utafiti wangu wa uzamili nimeandika programu ya kutambua mifumo ya mawingu kwenye picha za Meteosat, setilaiti za hali ya hewa za Ulaya. Pikseli (nukta ya picha) yoyote yenye ubaridi wa kupita nyuzi 40 chini ya sifuri kwenye infraredi, yaani mionzi ya joto, naihesabu wingu la mvua. Zikishikana, ni mfumo mmoja. Mvua za usiku za Ziwa Victoria inazifuata vizuri mno, tangu zichipuke hadi zififie. Lakini Julai! Leo saa mbili asubuhi nimetoka nyumbani na sweta mbili, anga imefunikwa kama sufuria. Nafungua kompyuta, programu inasema Nairobi ni kweupe. Nimepandisha huo mpaka wa nyuzi 40 ufike sifuri, wapi! Nisaidieni, msimamizi wangu anataka matokeo Ijumaa.

MzeeDagoretti
Pole binti. Infraredi hupima joto la kilele cha wingu. La radi kule ziwani hupaa kilomita 15, na huko juu ni baridi kali. Haya ya Julai yamelala chini, kilele chake kina joto la kukaribia la ardhi. Mpaka mmoja hauwezi kuyashika yote mawili.

Hapo ndipo utaihitaji modeli ya hali ya hewa. Ikuambie ardhi ingekuwa na joto gani saa hiyo kama anga ingekuwa wazi, kisha ulinganishe na ilichoona setilaiti. Ila angalia mwinuko, tafadhali sana. Miraba ya ERA5, data ya modeli ya Ulaya, ina upana wa kilomita 31 hivi. Limuru na Westlands huweza kuangukia mmoja, na kati yake kuna mita 500 za kupanda, yaani nyuzi 3 za joto. Usiporekebisha, programu itaona baridi ya Limuru kuwa wingu mwaka mzima.

Mchana ongeza chaneli za mwanga wa kawaida. Usiku chukua joto la chaneli ya infraredi ya maikromita 3.9 (urefu wa wimbi), utoe la chaneli ya 10.8. Matone ya maji hutoa mionzi hafifu kwenye 3.9, kwa hiyo penye wingu la chini utapata jibu hasi.

Rongai_88
Dada, unatumia Meteosat ipi? Ile ya longitudo 0 inatutazama kwa mshazari: wingu la kilomita 15 juu ya Ngong huonekana limesogea karibu kilomita 14 mashariki, kama liko Lang'ata. Meteosat-9 iko nyuzi 45.5 mashariki tangu 2022, na kosa linashuka hadi kilomita 3 hivi. Mimi nililaumu vipimamvua mwezi mzima kabla ya kugundua.

BintiKangemi
Asante sana kaka, nahamia hiyo. Mzee, shikamoo. Picha ya saa kumi na moja alfajiri imekubali, wingu limetandaa kutoka Ngong hadi Limuru! Ila saa kumi na mbili u nusu, jua likichomoza, njia zote mbili, ya mchana na ya usiku, zinavurugika.

MzeeDagoretti
Marahaba. Nusu saa hiyo tegemea modeli pamoja na picha ya dakika 15 zilizotangulia. Wingu la namna hii haliondoki ghafla.