Re: Mchezo wa watoto wa miaka 6 usio na presha (na hili la cheti)

Mama Pacha, Shangani:
Wanajamvi, shikamooni wakubwa, na wengine habari za siku. Tumeshahamia Mtwara jumla kutoka Bergen. Pacha wana miaka 6, na mambo ya kusakwa kwa ajili ya UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, sitaki yaanze mapema. Ofisi ya kituo kimoja cha mpira hapa mjini imegoma kupokea fomu zao: inataka cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, na vya hawa ni vya Norwe. Tafsiri yenye mhuri nimeambatisha, bado haitoshi. Kuna aliyepitisha cheti cha nje? Na kama si mpira, mchezo gani? Kule hawatoi misimamo ya ligi mpaka mtoto afike 13, nami nataka cha namna hiyo.

Mtu wa Mikindani:
Dada, achana na fomu, wafundishe kuogelea. Ndani ya ghuba mawimbi ni madogo. Tazama mwezi kwanza: siku za bamvua, yaani mwezi mpevu au mwandamo, maji hujaa kwenye saa 10 alasiri na hukauka kwenye saa 4 asubuhi, na kila kukicha yanachelewa kama dakika 50. Ingieni yanapokaribia kujaa, tokeni yakianza kupwa, kwa sababu katikati ya kupwa ndipo mkondo unapovuta kuelekea mlango wa ghuba. Kina kisipite kitovu cha mtoto.

Wasianze na mikono. Kwanza kupuliza mapovu, halafu uso wote ndani huku pumzi ikitoka puani, halafu kuelea chali masikio yakiwa majini. Hapo ndipo wengi hukwama: mtoto anainua kichwa aone wapi anakwenda, kiuno kinazama, anaogopa. Mwekee kiganja chini ya kisogo, mwambie atazame mawingu. Maboya ya mikononi msinunue, yanamsimamisha wima, anajifunza kukanyaga maji kama baiskeli badala ya kulala juu yake. Dumu tupu la lita 3 lililofungwa kifuniko barabara, akilikumbatia kifuani, linafanya kazi nzuri zaidi. Mtu mzima mmoja kwa watoto 2, na wote wawili wawe pale mkono unapofika.

Mwalimu wa Michezo, Lindi:
Ndugu yangu, umesema vizuri lakini umesahau miguu. Kwenye majani ya bahari kuna miiba na samaki taa wamejifukia mchangani. Viatu vya plastiki, na waburute nyayo, wasinyanyue. Na bahari haina ratiba: wiki ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hayo maji yako yanajaa asubuhi watoto wakiwa darasani. Utawafundisha lini?

Chandimu, mpira wa mtaani, haihitaji kituo wala fomu. Watoto 8, wanne kwa wanne, hakuna golikipa. Uwanja hatua 30 kwa 20, goli ni mawe mawili yaliyoachana hatua 2. Golikipa wa miaka 6 anasimama anachezea mchanga, akifungwa ndiye anayelaumiwa, ndiyo mwanzo wa mtoto kuchukia mpira. Kila baada ya dakika 8 changanya timu upya, hapo hata mwenye kuhesabu anapotea hesabu. Mpira namba 3. Namba 5 una gramu 410 hadi 450, mtoto akiupiga kwa kichwa au kwa ncha ya kidole anaumia, kesho haji. Msiujaze upepo ukawa kama jiwe, ukibonyezwa kwa dole gumba uingie kidogo.

Saa 10 na nusu jioni, si kabla, jua la Januari mnalijua. Dakika 45 basi.

Kijana wa Oslo:
Marekebisho madogo kwa Mama Pacha. Si 13, ni 11. Kanuni za michezo ya watoto Norwe zinaruhusu matokeo na misimamo kuanzia mwaka anaofikisha 11. 13 ni kwa ubingwa wa taifa na wa kimataifa. Mashindano madogo ya klabu yapo tangu miaka 6. Watu wanayatukuza mno haya ya Ulaya.

Mama wa Chuno:
Nyote mmesahau rede, kwa vile wanaume mnaona ni mchezo wa kike. Watoto 3 wanatosha: wawili wa kurusha, mmoja katikati anajaza mchanga kwenye chupa huku akikwepa. Mpira ni soksi iliyoshindiliwa matambara, kisha ishonwe mdomo; ukifunga fundo tu, fundo linamwumiza anayepigwa. Warushaji waachane hatua 8, wakikaribiana zaidi hakuna anayekwepa. Kwa wadogo hawa aliyepigwa asitolewe, abadilishane na mrushaji. Wakitolewa, wazito ndio wanaoketi jioni nzima wakitazama, na wao ndio wanaohitaji kukimbia.

Mzee wa Nachingwea, sasa Leicester:
Mmenikumbusha vumbi la huko. Lakini mzizi wa haya ni uraia. Sheria ya Uraia ya 1995 iko wazi, mtoto aliyezaliwa nje na mzazi raia wa kuzaliwa ni raia wa kurithi, akifika 18 achague. Leo mtoto wa Kusini anaulizwa cheti ili apige mpira! Gesi inatoka kwetu, korosho zinatoka kwetu, uraia pacha tunaambiwa subirini.

Mwalimu wa Michezo, Lindi:
Mzee wangu, shikamoo, lakini RITA ni vizazi, uraia ni Uhamiaji. Usiwachanganye watu. Na siasa tuiache, mwenzetu ana watoto wa kuchezesha.

Mama Pacha, Shangani:
Asanteni wote mlionijibu, na ya 11 nimeipokea. Rede na chandimu tutajaribu Jumamosi kwenye kiwanja cha nyuma. Kina mbigiri.

Mama wa Chuno:
Usifagie, zinabaki. Kokota gunia la mkonge lililoloweshwa, pita mara mbili kwa kukatiza, mbigiri zote zinang'ang'ania humo. Pampu ninayo, nitaileta. Sindano yake imekatika, mwenye nyingine aseme.