Baba yangu yumo kwenye kiti cha magurudumu: je, Gede na Lamu zinafikika?

Binti Mwalimu, Malindi

Assalamu alaykum, na shikamoo kwa wote walionizidi umri. Baba yangu ana miaka 79. Alikuwa mwalimu wa historia, na enzi zake aliwapeleka wanafunzi kwenye magofu ya Gede mara nyingi sana, lakini tangu avunjike nyonga miaka miwili iliyopita hutembea hatua kumi tu kwa mkongojo, na zaidi ya hapo hukaa kwenye kiti cha magurudumu. Sasa ana maombi mawili. La kwanza ni kuiona tena Gede, hasa baada ya kusikia kwamba mwaka 2024 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. La pili ni kufika Lamu, mji alioufundisha miaka yote hiyo na ambao, ajabu ya mambo, hajaukanyaga tangu azaliwe.

Ndugu zangu wanashauri tumwonyeshe video sebuleni, yaishe. Mimi sikubaliani nao, ila sitaki pia tufike mlangoni tukageuka. Naomba mwenye uzoefu anieleze kiti kinafika wapi Gede, na mtu kama yeye hushushwaje kwenye boti Lamu.

Mtembeza Wageni, Gede

Wa alaykum salaam, dada. Mzee aje, sebule itamngoja.

Kutoka Malindi ni kilomita 16 hivi, kwa hiyo safari yenyewe haitamchosha. Ndani, njia zetu ni za udongo ulioshindiliwa, na kinachosumbua ni mizizi ya miti inayokatiza njia, kwa kuwa mji wote umemezwa na msitu. Wakati wa kiangazi kiti chenye magurudumu mapana ya kujazwa upepo hupita vizuri akiwapo mtu mmoja mwenye nguvu nyuma yake. Vile viti vyembamba vya hospitali, vyenye magurudumu madogo magumu ya mbele, hukwama kwenye kila mzizi, na dawa yake ni kukigeuza kiti na kukivuta kinyumenyume ili gurudumu kubwa litangulie. Miezi ya masika msije, kwani udongo hunata na mizizi huteleza.

Atafika karibu na lile kaburi lenye tarehe, lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, ambao ni sawa na 1399, na atafika pia nje ya Msikiti Mkuu, ambako nguzo zake huonekana. Kasri ni habari nyingine. Milango yake ni myembamba na ina vizingiti, na nyua zake zimeshuka chini ya usawa wa njia, kwa hiyo kiti hakiingii, wala simshauri mtu yeyote alazimishe kukiingiza, kwa usalama wa mzee na kwa usalama wa kuta ambazo zimekwisha kusimama karne kadhaa bila msaada wetu. Nyumba za nyuma ya Kasri, zile zilizopewa majina ya vitu vilivyofukuliwa humo, kama Nyumba ya Mkasi na Nyumba ya Taa ya Chuma, zinatazamwa vyema kwa nje. Njooni mapema, saa mbili asubuhi, kabla unyevu wa msituni haujapanda. Na asiweke ndizi mapajani, kwa sababu kima wa hapa hawana adabu kwa wazee.

Mkaazi wa Mkomani

Dada, nikuambie kweli: mjini Lamu hapana shida kubwa kama kuvuka maji. Ukija kwa ndege utatua Manda, ambacho ni kisiwa kingine, na ukija kwa basi utaishia Mokowe, bara. Kote kuwili lazima upande boti, na hapo kinachoamua ni maji.

Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa sana mnamo saa nne na saa tano asubuhi, ambao ndio wakati wageni wengi wanafika. Boti huwa iko chini kabisa ya gati, na ngazi zilizoachwa wazi zina ukoga unaoteleza. Mzima mwenyewe hushuka akiomba dua. Kwa hiyo usipange safari kwa kalenda ya kazi peke yake. Tazama mwezi wa Kiislamu, uchague siku za maji mafu, kama tarehe 8 hadi 10 au 22 hadi 24, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo na asubuhi hiyo hiyo maji huwa yamejaa. Boti itakaa karibu na usawa wa gati, na vijana wawili watamvusha bila kelele. Mwambie nahodha mapema kwamba kuna kiti, ili alete boti pana iliyo tulivu, wala asilete ile ndogo ya mbio.

Mjini, barabara ya ufukweni ni tambarare na anaweza kusukumwa mbele ya majumba yote makubwa. Usita wa Mui, njia kuu ya ndani ya mji, pia unapitika, ingawa itabidi muwapishe punda, mikokoteni na watu wanaosalimiana katikati ya njia. Vichochoro vya ndani ya Mkomani, mtaa wetu wa kale, ndivyo vinavyobana: vingine punda mwenye shehena hupita akiparuza kuta zote mbili, na kuna mifereji na vidato visivyo na mpango. Ngome, ambayo wazee bado huiita Gereza kwa sababu ilifungiwa watu hadi 1984, ilianza kujengwa 1813 ikamalizika 1821. Kuingia ni kwa kupanda ngazi, lakini uwanja wa Mkunguni ulio mbele yake ni mahali pa kukaa asubuhi nzima akaiangalia ngome na kunywa kahawa pamoja na wazee wenzake. Akishindwa ngazi, vijana wa pale watambeba mgongoni mara moja, na kwetu hilo si jambo la aibu.

Magurudumu Yangu

Naomba radhi kwa Mkaazi wa Mkomani, ambaye maelezo yake ya maji ni ya thamani kubwa, lakini hapo mwisho sitamfuata. Mimi natumia kiti kwa mwaka wa kumi na mbili sasa. Nimebebwa mgongoni na watu wema waliokuwa hawajaniuliza, na naweza kuwaambia kwamba aibu haimshiki anayebeba. Vilevile ni hatari: nyonga iliyovunjika haipendi kupanuliwa juu ya mgongo wa mtu. Ikiwa lazima ainuliwe, watu wanne washike fremu ya kiti, wasishike mikono ya kiti wala vikanyagio, ambavyo huchomoka, na mmoja tu ndiye ahesabu moja, mbili, tatu. Breki zifungwe kwanza. Na yeye mwenyewe ndiye aseme kama anakubali.

Dada, katika swali lako umetueleza ndugu zako wanataka nini na wewe unataka nini, lakini hujatuambia kama umemuuliza baba yako yuko tayari kuinuliwa au la. Muulize kabla hujakata tiketi.

Jambo la pili ni choo, ambalo hakuna aliyeligusa, nami silaumu kwa sababu asiyelihitaji halioni. Nilipokwenda Lamu nilihakikishiwa kwa simu kwamba nyumba ya wageni ina chumba cha chini. Nilipofika nilikuta chumba ni cha chini kweli, ila mlango wa nje una ngazi nane na choo kiko orofani. Siku hizi naomba picha tatu: mlango wa nje, mlango wa chumba, na choo chenyewe, kisha napima upana wa kiti changu kutoka gurudumu hadi gurudumu na kuomba wapime milango. Mto mzuri wa kukalia usisahau, kwa kuwa safari ndefu ya basi huleta vidonda vya kukalia.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa namna inayofaa. Siitaji ili mkagombane na mtu mlangoni, naitaja ili mzee asijione ni mzigo anayefanyiwa hisani.

Mkitaka kumpima kwanza, anzeni hapo hapo Malindi. Makaburi ya mnara yaliyo kando ya Msikiti wa Juma yanaonekana ukiwa barabarani, bila kupanda kidato hata kimoja. Ile nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika hapo mwaka 1498, nayo inaonekana kwa mbali pale kwenye rasi.

Binti Mwalimu, Malindi

Nimemuuliza, na ni kweli sikuwa nimemuuliza.

Mgongoni hataki. Kiti kikiinuliwa na watu wanne anakubali, kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayehesabu. Ngazi za ngome anaziacha, ila kahawa ya Mkunguni haiachi. Kuhusu Lamu amechukua kalenda ya ukutani mwenyewe, akazungushia duara tarehe 9 ya mwezi ujao wa Kiislamu, na hapo nilikumbuka kwamba alizaliwa ufukweni kabla hajawa mwalimu.

Gede tunakwenda Jumamosi hii saa mbili asubuhi, na fundi wa baiskeli wa jirani ameahidi kutubadilishia magurudumu ya mbele. Mtembeza Wageni, baba amesema usijichoshe kumweleza habari za Kasri. Yeye atakaa nje ya ukuta na kutusimulia, na wewe na mimi tutaingia ndani tumwambie kama kila kitu bado kiko alipokiacha.