Tupeane uzoefu: umewahi kusafiri kwa ndege kwenda mkoani ukiwa na shida ya haraka? Kiwanja cha huko kilikufaaje?

Wakuu, salaam.

Naishi Ukonga, ndege zinapita juu ya bati letu kutwa nzima. Kwetu ni Songea. Tukizungumzia usafiri wa anga mara nyingi tunaishia kusifia Jengo la Tatu pale Julius Nyerere, lililofunguliwa 2019. Lakini wengi wetu tunapanda ndege kwa sababu ya msiba, mgonjwa, au barabara imekatika, na hapo linaloamua ni hali ya kiwanja cha huko unakokwenda.

Naanza mimi. Mjomba alifariki Songea. Kwa basi unapita Iringa, Makambako, Njombe, siku nzima inaishia barabarani. Wakati huo ndege haikuwa ya kila siku, basi wazee wakaomba ratiba kwanza ndipo wakapanga siku ya mazishi. Tulitua Ruhuwiko, kiwanja cha Songea, shemeji akatupokea na pikapu, na udongo niliuwahi. Ndiyo maana ratiba ikibadilishwa kienyeji naumia sana. Kuna familia imeshachimba kaburi kwa kuitegemea.

Karibuni. Semeni kiwanja gani, ilikuwaje, na mnashauri nini.

Mwana wa Mikindani:
Mkuu, umegusa penyewe. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya kusini ilikatika maeneo ya Somanga, magari yakakwama huku na huku. Mama alikuwa na tarehe yake Muhimbili. Akaja kwa ndege kutoka Mtwara, mara yake ya kwanza kupanda, na nafasi zilikuwa za kugombania. Bila kile kiwanja tarehe ingempita. Ushauri: mzee asiyeweza ngazi, ombeni kiti cha magurudumu siku ya kukata tiketi, msisubiri kufika uwanjani.

Mkazi wa Mbalizi:
Songwe kulipoanza kutumika 2012 tulishukuru, maana kiwanja cha zamani cha Mbeya kilikuwa kifupi na kimezungukwa na mji. Tatizo letu ni ukungu wa asubuhi. Niliwahi kufika juu ya Mbeya kabisa, ndege ikazunguka, ikazunguka, rubani akatangaza kwamba haoni njia, tukarudi Dar. Rubani simlaumu hata kidogo, alifanya sawa. Kilichoniuma ni shirika: tulikaa ukumbini hadi jioni bila mtu wa kutueleza lolote, na pembeni yangu kuna dada mwenye mtoto mchanga. Kama una usaili au kesi asubuhi, nenda siku moja kabla.

Mtu wa Kagera:
Bukoba kiwanja kimepakana na ziwa. Sote tunakumbuka tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipoanguka ziwani ikija kutua: watu 43 ndani ya ndege, 19 wakafariki, na wavuvi ndio waliotangulia kufika kuokoa. Mimi bado napanda, kwa sababu basi la Bukoba linavunja mgongo. Ila siku ya mvua nikiambiwa tunashukia Mwanza, nashukuru Mungu na kusubiri. Jamani, vifaa vya kuongozea ndege, taa, boti za uokoaji: haya tuyadai kabla ya majengo mazuri.

Mwalimu wa Kilindoni:
Mafia sisi tuna vindege vya abiria kumi na kidogo. Mnapimwa uzito, wewe na begi lako, kisha rubani anawapanga viti kufuatana na uzito. Niliwahi kuitwa kukaa mbele pembeni yake, nikaona delta ya Rufiji yote chini, mikoko na mito inavyojigawa. Beba begi laini, la matairi lenye boksi gumu linasumbua kupakia. Nauli ikikushinda kuna boti ya Nyamisati, ila bahari ikichafuka utaijutia.

Mleta mada:
Mwalimu, asante. Je, mgonjwa asiyeweza kukaa wanamchukua?

Mwalimu wa Kilindoni:
Jirani yetu alivunjika paja, safari ya kawaida wakamkatalia, hakuna pa kumnyoosha. Alivushwa na boti, analia njia nzima. Kabla hujalipa, piga simu, eleza hali ya mgonjwa ilivyo, na uulize kama kuna ndege ya kukodi inayotolewa viti.