Safari Rally ni yetu kwa jina tu, madereva wa nyumbani wamefanywa wasindikizaji

Wakuu, salaam.

Nimekaa na hili rohoni tangu tulipofunga virago Naivasha baada ya Safari Rally, mbio zetu za magari zinazohesabiwa kwenye ubingwa wa dunia, na leo nalitoa kwa sababu nimechoka kusoma pongezi. Kila Safari ikiisha tunaambiwa imefana, hoteli zilijaa, dunia nzima imeliona ziwa letu. Haya. Naomba mtu mmoja tu anijibu: katika mashindano yanayobeba jina letu na kulipiwa na kodi yetu, dereva wa Kenya amewekwa wapi?

Mimi ni fundi. Niko na dereva binafsi anayekimbiza gari la Rally2, daraja lililo chini ya magari ya viwanda. Tuko mafundi watano, na karakana yetu ni matatu kuukuu tuliyoing'oa viti. Ninayoyasema nimeyashika kwa mikono yangu.

Jumamosi nilitumwa Sleeping Warrior, kule Soysambu, nikaione barabara ilivyo baada ya wakubwa kupita. Nilifika mapema. Watu walikuwa wamejaa kilimani, watoto wamekalia mabega ya baba zao, mahindi yanachomwa, helikopta inazunguka juu. Gari la kiwanda, yaani la timu ya kampuni inayounda magari, likitokea unaliona vumbi lake kabla hujalisikia, halafu linapita na ardhi inatetemeka chini ya viatu vyako. Ni jambo zuri sana, sitadanganya. Likapita la kwanza, la pili, hadi yakaisha. Helikopta ikaondoka. Wapiga picha wakakunja miguu ya kamera zao. Bodaboda zikawashwa, watu wakashuka kilima kwa mamia, na magari ya nyumbani hata hayajafika!

Nilibaki mimi, msimamizi mmoja wa njia, mchungaji na wavulana wawili. Nikashuka kuipima ile mitaro iliyochimbwa na magurudumu kwa mguu, ikanifika karibu na goti. Katikati ya mitaro kuna lile vumbi wanaloliita feshfeshi, laini kama unga wa ngano. Ukikanyaga, mguu unazama na huoni kama chini kuna jiwe. Hiyo ndiyo barabara tunayoachiwa. Gari letu likaja likikwaruza tumbo, boneti imefungwa kwa mkanda, bampa la mbele halipo. Mvulana mmoja akaniuliza, "Hiyo ni ya nani?" Nikamtajia jina la dereva wetu. Hakulijua. Jina la Ogier, bingwa wa kigeni, alilijua, na la mwenzake Rovanperä alilitamka vizuri kuliko mimi.

Simlaumu mtoto. Angelijulia wapi? Usiku huo nilitazama marudio ya picha za siku nzima, na madereva wa Kenya sikuwaona hata kwa sekunde kumi.

Marehemu baba alikuwa akinisimulia Pasaka za zamani, Safari ilipokuwa ikifanyika Pasaka, redio begani, wamejipanga barabarani wakingoja Simba wa Kenya apite. Wanaomjua Joginder Singh wanajua ninalosema. Alikuwa fundi wa magari. Mwaka 1965 alishinda na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwisha kukimbia Safari ya mwaka uliotangulia, kiwanda kikaiuza huku huku badala ya kuirudisha kwao. Gari la mkono wa pili likawapiga waliokuja na mapya! Akarudia 1974 na 1976, safari hizo akiwa na Mitsubishi. Akaja Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya, akashinda mara tano na Datsun, nne zikiwa mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Mwaka 1994 Ian Duncan akashinda na Toyota Celica, na Patrick Njiru akashika nafasi ya nne na Subaru. Tangu hapo, kila Safari iliyohesabiwa kwenye ubingwa wa dunia imebebwa na mgeni.

Angalieni majina ya magari hayo. Viwanda viliwapa au kuwauzia Wakenya magari yao, wala havikufanya hisani. Safari ya enzi hizo ilikuwa maelfu ya kilomita kwenye barabara za kawaida, zenye malori, ng'ombe na mito iliyofurika. Mwaka 1963 na tena 1968 yalimaliza magari saba tu. Asiyejua matope ya huku hakufika, kwa hiyo walimtafuta anayejua.

Sasa njia zimefungwa, kilomita za mbio ni mia tatu na kitu, kila dereva anaikagua njia kwa utaratibu uleule, na gari linatengenezewa Ulaya na kujaribiwa hukohuko. Ujuzi wetu wa barabara umekosa soko. Hilo naelewa. Nisichoelewa ni kwa nini sisi tuliolipia sherehe hatukudai kitu kingine badala yake.

Wapo watakaonijibu kwamba Kenya haina dereva wa kuketi kwenye gari la kiwanda. Nimelisikia hata kwenye hema la chakula pale Naivasha, limesemwa na Mkenya mwenzetu, nikaacha sahani yangu. Mwaka 2021, Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya miaka 19, Onkar Rai alimaliza wa saba, Karan Patel wa nane, Carl Tundo wa tisa. Watatu wetu ndani ya kumi bora, kwa magari ya daraja la chini! Mwaka huohuo dereva wa kigeni Thierry Neuville alikuwa akiongoza hadi Jumapili asubuhi, gari la kiwanda likamvunjikia nyuma kwenye njia ya Loldia.

Na aliyeshika nafasi ya pili mwaka huo ni nani? Takamoto Katsuta. Toyota ilianza kumlea Mjapani huyo mwaka 2015, ikampeleka Finland, ikamvumilia akigonga miti na kujifunza, mpaka akasimama jukwaani Naivasha. Nampenda Katsuta, anaendesha kwa moyo. Lakini dereva hupatikana hivyo, kwa miaka ya kuvumiliwa. Sisi tulimpeleka kijana wetu McRae Kimathi Sweden mwaka 2022 akakimbie kwenye theluji katika daraja la vijana, na nilijivunia mpaka machozi. Mlango ule ulipaswa kubaki wazi, kila mwaka aingie mwingine. Badala yake 2022 na 2023 tukasimama pembeni kupiga makofi Toyota wakichukua nafasi nne za kwanza miaka yote miwili.

Niseme na la getini, pale kwenye uwanja wa kuhudumia magari, maana hili ndilo lililonikosesha usingizi. Jioni mna dakika 45 za kulihudumia gari, ukizidisha unapigwa adhabu ya muda. Gari letu limeingia, gia ya tatu imekufa, giaboksi ya akiba iko kwenye pikapu nje ya uzio. Mlinzi akakataa pikapu isiingie kwa sababu kibali chake kilikuwa cha rangi nyingine. Huku akinielezea rangi, lori la timu ya kigeni likapita nyuma yake bila kusimamishwa. Tulibeba giaboksi ile mikononi, watu wanne, juu ya turubai, karibu mita mia nne. Tuliifunga kwa mwanga wa tochi za simu kwa kuwa taa za upande wetu zilikuwa zimezima, na tukachelewa dakika sita. Dereva wetu alilipia dakika hizo, na hakutusema hata neno moja. Bora angetusema.

Kwa hiyo ninayodai ni haya, na nataka yaandikwe kwenye mkataba wowote utakaotiwa saini baada ya huu wa hadi 2026. Kiti kimoja cha gari la kiwanda kiwe cha Mkenya kila Safari, na apewe msimu mzima wa kujifunza kabla yake. Greda lipite kwenye mitaro kabla ya gari la kwanza la nyumbani kuanza, hata kama ratiba itasogea saa nzima. Kamera moja ibaki njiani mpaka gari la mwisho lipite. Na vipuri vya mashindano viondolewe ushuru. Timu za nje zinaingia na makontena yao na kuondoka nayo, mwenzangu na mimi akiagiza shokomzoba moja analipia mpaka anajuta.

Kamati ya waandaaji wa Safari, najua mnapita humu kusoma. Msinijibu kwa idadi ya watalii. Giaboksi yetu iko mezani hapa Gilgil, imefunguliwa, jino la gia ya tatu limekatika. Nyingine iko bandarini Mombasa wiki ya tano sasa, na mbio zijazo za ubingwa wa taifa zinakaribia. Mwenye kujua namna ya kuitoa aniandikie hapa hapa chini.