Naomba ushauri: nati za yubolti za ekseli zimelegea kwenye trela

Habari zenu wakuu. Trela ni ya kulala safarini, ekseli mbili, springi za majani, na iko Marekani. Mtengenezaji ameziita trela hizi zirudishwe kwa marekebisho, kwa kuwa nati za yubolti (boliti zenye umbo la U) zinazobana ekseli kwenye springi huenda hazikukazwa vya kutosha kiwandani. Nimeingiza namba ya chasi kwenye tovuti ya NHTSA (mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani), yangu imo. Matengenezo ni bure, ila karakana ya wakala bado haina nafasi.

Nimeinyanyua na kuiweka kwenye stendi chini ya fremu. Ekseli ya nyuma, upande wa kushoto, nati mbili zinazunguka kwa vidole. Pembeni mwa bamba linalobanwa na yubolti kuna unga mwekundu wa kutu na rangi imesagika, yaani vyuma vimekuwa vikisuguana. Umbali kati ya vitovu vya magurudumu ya mbele na nyuma umepishana milimita 6 kushoto na kulia. Hapo ndipo roho inapodunda: yubolti zikilegea, boliti ya katikati ya springi (inayoshika majani yake pamoja) hubeba mzigo usio wake, na ikikatika ekseli inahama.

Sijakaza chochote, nisije nikaibana ikiwa imepinda.

Maswali mawili: je, nidai yubolti na nati mpya badala ya kukaziwa hizi zilizokwisha kucheza? Na boliti ya katikati naikaguaje bila kufungua springi, ili nijue kama trela ivutwe au ibebwe kwenye lori?