Baada ya kipaimara vijana wetu wanapotea. Tuwashike vipi?

Mama mwalimu, Machame

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nafundisha Sunday School kwenye usharika mmoja wa KKKT, Kanisa la Kilutheri Tanzania, huku Machame, na Jumamosi nasaidia darasa la kipaimara. Nina jambo linanikosesha usingizi, naomba mnishauri.

Watoto hawa tunakaa nao karibu miaka miwili. Wanakariri Amri Kumi, Imani ya Mitume, Sala ya Bwana na maelezo yake yote. Wanahojiwa mbele ya washarika na wanajibu vizuri. Siku yenyewe kanisa linajaa mpaka nje. Nyumbani kuna maturubai, kuna MC, ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, imesimama mezani, keki, zawadi. Miezi michache baadaye unawatafuta kwa tochi. Mmoja nilikutana naye njiani, nikamuuliza mbona hatumwoni ibadani. Akanijibu kwa adabu kabisa: "Mwalimu, si nilishamaliza?"

Nimelifikiria sana jibu lile. Mtoto hakosei. Sisi wazazi tumeifanya siku ile ionekane kama mahafali.

Wanaokwenda shule za bweni tunawaona likizo tu, Juni na Desemba. Wanaobaki nyumbani wanaambiwa wajiunge na Umoja wa Vijana, lakini mle ndani kuna watu wanaokaribia miaka thelathini na tano. Mada ni uchumba, ndoa na VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Mtoto wa miaka kumi na tano anakaa kimya mpaka mwisho, wiki inayofuata haji. Akitaka kwaya, kuna sare ya kununua na mchango wa kurekodi, na mama yake anauza ndizi sokoni.

Wapo wanaosema tuite waimbaji, tufanye tamasha, tununue vyombo vya kisasa. Sipingi muziki. Ila tamasha hujaza uwanja siku moja, na Jumapili inayofuata viti vilivyokuwa wazi vinabaki wazi. Ninyi mnafanya nini na hawa wa miaka 14 hadi 19? Na zaidi ya wote, wale ambao hawakuendelea na shule?

Mwinjilisti mstaafu, Njombe

Amina mama mwalimu. Umegusa penyewe.

Kijana apewe kazi ambayo asipofika itaonekana haikufanyika. Kazi ya kweli, siyo ya kumpigia makofi. Kwetu tulianza na mnada baada ya ibada. Unajua washarika wanavyoleta mazao kama sadaka: viazi, mahindi, parachichi, mayai, kuku. Zamani wazee ndio walionadi na wazee ndio walioandika. Tukawapa waliotoka kipaimara. Mmoja ananadi, mmoja anashika daftari, mmoja anapokea fedha akiwa na mzee wa kanisa pembeni yake. Kulikuwa na kijana mpole, darasani hata sauti yake hukuisikia. Kwenye mnada akageuka mtu mwingine kabisa, akina mama wakawa hawaondoki mpaka anadi yeye. Jumapili aliyougua malaria, watu watatu walikwenda nyumbani kwao kumwuliza hali. Huyo utamtoa kanisani kwa lipi?

Kingine ni kusoma masomo ya ibada. Lakini usimpe karatasi Jumapili asubuhi. Ijumaa jioni akae na mzee mmoja, asome kwa sauti, aulize maneno yasiyoeleweka. Hapo ndipo maswali mengine yanatoka, yale ambayo hawezi kumwuliza mchungaji mbele ya watu.

Na mchungaji anapokwenda kuwashirikisha wagonjwa Meza ya Bwana majumbani, aende na vijana wawili wa kuimba. Nilikuwepo siku bibi mmoja asiyeona alipomshika kijana mkono akamwuliza, "Wewe wa nani?" Kijana akataja ukoo wake. Bibi akamweleza habari za babu yake, jinsi alivyobeba mawe ya msingi wa kanisa lile kutoka mtoni. Kijana hakuwahi kuambiwa. Kuanzia hapo alikuwa akiniuliza yeye mwenyewe safari nyingine ni lini.

Binti, kidato cha tano

Shikamooni. Naomba niseme kama mmoja wa hao mnaowazungumzia.

Shuleni kwetu UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, tunaiendesha wenyewe. Tuna mwenyekiti, katibu, mhazini, viongozi wa sifa na wa maombi. Tunapanga ratiba, tunahubiri kwa zamu, tunatembelea wenzetu waliofiwa na kuwachangia. Mlezi ni mwalimu, anakaa nyuma anasikiliza, tukipotoka anatuelekeza. Mimi nimeongoza ibada mbele ya wanafunzi wengi nikiwa kidato cha tatu.

Nikirudi nyumbani likizo hakuna anayejua hayo. Naambiwa nikasaidie kupanga viti. Sikatai kupanga viti, lakini hakuna hata mzee mmoja aliyewahi kuniuliza shuleni tunasali vipi. Kama kila usharika ungekuwa na daftari la wanafunzi walioko bweni, mkajua nani anafunga lini na anafanya nini kule, mngeweza kutupa ibada moja kila likizo tuiongoze kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na sisi tuliomaliza kidato cha nne tulikaa nyumbani tangu Novemba hadi Julai tukisubiri kwenda kidato cha tano. Miezi yote hiyo! Wenzangu wengi walipotelea hapo.

Jambo lingine ni maswali. Tunauliza kwa nini Mungu aliacha mama wa rafiki yetu afe tulipokuwa tumefunga na kuomba. Ukijibiwa "usimjaribu Mungu", unanyamaza, na ukishanyamaza unaanza kuondoka. Yesu mwenyewe akiwa na miaka kumi na miwili alikutwa hekaluni ameketi katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza. Na wao hawakumfukuza.

Baba wa jumuiya, Nakuru

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, lakini shida ni hiyo hiyo. Huyo binti amesema ukweli.

Sisi tumesaidika na jumuiya ndogo ndogo. Kanisani kuna watu mia tano, hakuna anayejua mtoto wako yuko wapi. Kwenye jumuiya ni nyumba kumi na kitu, tunazunguka kila wiki, na mtoto asipoonekana mama wa jirani anauliza. Wakati wa Kwaresima Kanisa hapa Kenya hutoa kijitabu cha kampeni chenye picha na kisa cha kila wiki, kuhusu mambo kama ufisadi, familia au mazingira. Tuliwaachia vijana waongoze mazungumzo hayo. Mzee wa jumuiya anafungua kwa sala na kufunga kwa sala, katikati ni wao. Mwanangu, ambaye misa alikuwa anakuja kwa kuburutwa, sasa husoma kisa mapema ili asije akashindwa kuwajibu wazee.

Niongeze hili. Vijana wanatutazama kama tunaishi tunachohubiri. Novemba 2024 Jimbo Kuu la Nairobi liliposema linarudisha pesa ambazo Rais Ruto alitoa kwa parokia ya Soweto, nyumbani kwangu hiyo ndiyo ilikuwa mazungumzo ya chakula cha jioni, na aliyeyaanzisha ni kijana. Sijui mahubiri gani yangemfanya azungumze kuhusu Kanisa kwa saa nzima.

Mama mwalimu, Machame

Mungu awabariki sana. Mwanangu wa kidato cha tano, marahaba, na asante. Daftari la wanafunzi wa bweni nitalipeleka kwa mchungaji wiki hii, na likizo ya Juni nitaomba ibada hiyo muiongoze wenyewe. Sare za kwaya nazo nitalisemea kwenye baraza, maana mtoto asikose kumwimbia Mungu kwa sababu ya kitenge.

Baba mwinjilisti, nisaidie kidogo kwa wale ambao hawakuendelea na shule, hawa wa bodaboda. Wengi niliwafundisha mimi. Jumapili asubuhi wanapita mbele ya kanisa wakiwa na abiria.

Mwinjilisti mstaafu, Njombe

Mama, Jumapili ndiyo siku yao ya kipato, na abiria wenyewe ni sisi tunaokwenda ibadani. Usianze kwa kuwalaumu. Kijiwe kina mwenyekiti wake na katibu wake. Muone mwenyekiti, muombe nusu saa siku ya kazi mchana, abiria wanapokuwa wachache. Neno fupi, sala, kisha wataje wenyewe wanayotaka kuombewa: mkopo wa pikipiki, mwenzao aliyepata ajali, mtoto mchanga. Kwetu tuliomba pia ibada ya kwanza ianze saa moja kamili asubuhi na iwe imekwisha ifikapo saa mbili na nusu, wakaweza kuingia kabla ya watu wa ibada ya pili kuhitaji usafiri. Wakaegesha pikipiki ukutani, wakaingia na majaketi yao. Wazee wawili walinung'unika kuhusu majaketi. Mchungaji akasimama akasema waacheni.

Usiende kijiweni peke yako. Nenda na mzee wa kanisa ambaye hupanda pikipiki zao kila wiki na anawajua kwa majina.