Naomba ushauri: mbuzi wako poa, sungura wanavimba matumbo

Wakuu, habari zenu. Nipo Kibosho, Moshi, nafuga mbuzi, sungura na kuku. Mbuzi na sungura nawakatia majani mabichi yaleyale. Mbuzi wanacheua mpaka jioni bila shida. Sungura ndio tumbo linajaa gesi, ukiligonga linalia kama ngoma, na chakula hawagusi.

Najua mbuzi ana tumbo la vyumba vinne. Sungura ana kimoja tu, majani yanachachukia baada ya kupita tumbo, kwenye mfuko wa mwanzo wa utumbo mpana, ndiyo maana anakula tena kinyesi chake laini. Na kutapika hawezi. (Kuku hawanipi presha, firigisi na changarawe zinatosha.)

Sasa sungura nyasi kavu niwape kiasi gani? Pumba niache kabisa? Jike mmoja ana mimba, nisaidieni mapema.